Kelele za Tangi la Mama Aziza

Nimestaafu, na mke wangu amekwisha kujuta. Siku ya kwanza ya kukaa nyumbani nilifungua na kufunga bomba la jikoni mpaka akaninyang'anya spana. Ndipo nikaona heri niandike. Haya ni ya Olenga na Musa, vijana wawili walioshika kazi yangu ya kutunza matangi ya samaki hapa Kisangani, na ya yeyote atakayekuja baada yao kuingia kwenye chumba kile chenye unyevu na kujiuliza maisha yamemkosea wapi. Habari za mshahara naziacha: ulikuja ulipopenda, na mara nyingine ulikuja ukiwa samaki wa kukaangwa badala ya noti. Vyeo pia naviacha, maana katika kazi yetu viko viwili tu, anayeloa na anayemcheka.

Nilianza enzi za Zaire, wakati sote tuliitwa raia, citoyen na citoyenne, kuvaa tai kulikuwa mwiko, na wanaume wenye nafasi walivaa abakosti, koti lisilo na tai, hata jua liwake namna gani. Hoteli ilikuwa ya Mama Aziza, mwanamke wa Maniema aliyeanza kwa kuuza mchele sokoni akaishia kumiliki vyumba, jiko na ukumbi wa kulia chakula. Ukutani mwa ukumbi ule kulikuwa na tangi la vioo, refu kuliko meza ya karamu. Mwenye hoteli wa kwanza, mgeni aliyekwisha kurudi kwao, alikuwa ameota kujenga mwamba wa bahari, wenye mawe na samaki wa rangi. Bahari iko mbali nasi mno. Basi akajenga kitu cha hapa: mawe meusi yaliyotolewa kwenye maporomoko ya mto, na samaki wadogo wa maporomoko, wale wanaoishi kwa kujibana chini ya mawe mahali maji yanapokimbia. Samaki hao hawajui maji yaliyosimama. Ukiwanyima mkondo wanapanda juu kutafuta pumzi, na ukichelewa wanakufa.

Aliyenipokea kazini ni Papa Bolamba, mtu wa Isangi, aliyekuwa amehudumia pampu za kiwanda cha mafuta ya mawese kabla ya kupanda mto kuja mjini. Alikuwa mfupi, mwenye kitambi, na aliongea na pampu kwa adabu kama mtu anayeongea na wakwe zake. Asubuhi ile alinipeleka nyuma ya ukuta, kwenye chumba kilichopakana na stoo ya jikoni, akanionyesha mambo yote kwa kidole kimoja. Maji ya tangi la juu yalizidi ukingo, yakashuka kwa bomba hadi tangi la chini, la saruji. Humo yalipita kwenye changarawe na kuacha uchafu wake. Kisha pampu iliyarudisha juu, na safari ikaanza upya.

“Kazi yote ni ile,” akaniambia. “Maji inashuka, maji inapanda. Ya kushuka na ya kupanda ikikosa kuelewana, weye njo utalia.”

Sikungoja sana kulia. Kabla ya adhuhuri umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika, jambo ambalo halikumshangaza mtu yeyote mjini isipokuwa mimi niliyekuwa nimesimama karibu na tangi la chini. Pampu ilinyamaza. Bomba la kurudisha maji, ambalo mdomo wake ulizama ndani ya tangi la juu, likaanza kuyanyonya maji kinyume na kuyateremsha. Tangi la chini likajaa, likafurika, na maji yakaingia stoo kwenye magunia ya unga na makayabu, samaki wa chumvi ambao sasa waliogelea kwa mara ya mwisho. Mpishi alinifukuza na mwiko hadi uani. Papa Bolamba alicheka mpaka akashika ukuta.

“Bon, sasa umebatizwa,” akasema, “hata kama uko mwislamu.”

Kisha akanifundisha somo ambalo nanyi mlilipata kwangu. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, chini kidogo tu ya uso wa maji. Pampu ikizimika na maji yakashuka kidogo, tundu litavuta hewa na unyonyaji utakatika. Na tangi la chini usilijaze mpaka ukingoni hata siku moja; liache na nafasi ya kupokea yale yatakayoshuka. Jaribu mwenyewe kwa kuzima pampu mchana, watu wakiwa macho na matambara yakiwa karibu. Tundu lile lisafishe mara kwa mara, maana konokono wadogo hulipenda.

Niliipenda kazi haraka kuliko nilivyotarajia. Nilipenda kusimama ukumbini na kuwatazama samaki wetu wakishikilia mawe kwa matumbo yao huku maji yakiwapita. Meza za karibu na tangi ziligombaniwa kila siku. Walimu wa chuo kikuu, manahodha wa mashua, wafanyabiashara wa kahawa, wote walitaka kukaa pale, na mimi nilijisifu kimoyomoyo kwamba mji wetu unapenda samaki walio hai.

Shida ilikuja siku Mama Aziza aliporudi kutoka Kinshasa na pampu mpya. Ya zamani ilikuwa imechoka, ni kweli. Lakini Mama Aziza alinunua pampu kama alivyonunua sufuria, ile kubwa kuliko zote dukani. Ilishushwa bandarini na vijana waliotweta. Papa Bolamba aliitazama, akaiamkia, kisha akaniambia pembeni kwamba pampu hii ilizaliwa ili ioshe kahawa ya shamba zima.

Tuliifunga. Maji yalipanda kwa kishindo, samaki wakafurahi, na bomba la kushuka likashindwa. Lilimeza maji na hewa pamoja kwa mafunda makubwa, likakoroma, likanyamaza kidogo, kisha likacheua. Kule chini maji yalidondoka kwenye tangi la saruji kwa mlio wa choo kinachovutwa. Pampu yenyewe ilitetemesha sakafu mpaka glasi zikagongana kabatini. Cha ajabu, wateja wa kila siku hawakulalamika. Walinyanyua sauti kidogo, wakasogeza viti karibu, wakaendelea kula.

Kisha ikaja karamu ya mkubwa mmoja wa chama, aliyekuwa anapita mjini. Ukumbi ulijaa abakosti na vitenge vyenye picha. Mkubwa akasimama kuhutubia. Akasema tunapaswa kujitoa kwa ajili ya Mapinduzi, na bomba likacheua. Akangoja kidogo, akasema tena Mapinduzi, na bomba likacheua kwa nguvu zaidi. Mtu mmoja nyuma alikohoa ili asicheke. Mara ya tatu mkubwa aligeuka akalitazama tangi, na Mama Aziza, aliyekuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, akashika kifua.

Alituita baadaye, mimi na Papa Bolamba. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi.

“Amesema atarudia hapa kwa karamu ingine,” akasema. “Papa Bolamba, nakuheshimu. Lakini minataka kimya. Siku ile maji ikisema hata neno moja, vioo nitauzisha, samaki nitafunga mu liboke, na nyinyi bawili mutatafuta fasi ingine ya kuchezea maji. Minaogopa, munasikia? Mi niko na batoto.”

Nilielewa. Wakati ule watu walikuwa wamepata matatizo kwa mambo madogo kuliko bomba linalocheua. Nami niliogopa, kwa ajili yake na kwa ajili yetu, na zaidi ya yote niliona uchungu nikiwafikiria wale samaki wakichomwa ndani ya majani ya liboke pamoja na pilipili.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kosa ambalo kila mtu hulifanya: tulijaribu kuifunika kelele. Tulitia sponji ndani ya bomba, tukazungushia blanketi, Mama Aziza akaleta hata mto wa kitandani. Sponji ilijaa uchafu, maji yakapanda, ukumbi ukaloa. Papa Bolamba akavuta kigoda, akakaa, akafumba macho na kusikiliza.

“Rama,” akasema, “hii haiko kelele moja. Iko tatu. Tuzitoshe moja moja, tuzimalize.”

Ya kwanza ilikuwa mtetemo. Tuliikalisha pampu juu ya vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, na pale ilipoungana na bomba gumu tukaweka kipande cha mpira laini, ili mtetemo usipande ukutani. Glasi za kabatini zikatulia. Ya pili ilikuwa maji kudondoka. Tulirefusha bomba la kushuka mpaka mdomo wake ukazama kidogo ndani ya maji ya tangi la chini. Kidogo tu; ukiuzamisha sana, hewa inakosa njia ya kutoka na bomba linaanza kupiga mafunda upya.

Ya tatu ndiyo iliyotutesa, lile koromo lenyewe. Bomba la kushuka lilipewa maji mengi kuliko uwezo wake wa kuyameza bila hewa. Basi tulifunga koki kwenye bomba la kurudisha, baada ya pampu. Nasema baada ya pampu, Musa, usije ukaiweka upande inakovuta. Pampu ukiibana koo inajiua yenyewe. Tukapunguza maji polepole. Kisha tukaweka koki nyingine kwenye bomba la kushuka, tukaibana mpaka bomba likajaa maji matupu, bila hewa, nayo yakashuka kimya. Bomba la pili tulilisimamisha karibu yake, juu kidogo, kwa dharura: la kwanza likiziba, la pili linaokoa ukumbi.

Tulipomaliza, samaki walianza kupanda juu. Tulikuwa tumepata kimya kwa kuwanyang'anya mkondo wao. Nilitamani kulia kweli, maana karamu ilikuwa inakaribia na kila tukiongeza maji koromo lilirudi. Nilikaa mbele ya kioo nikiwatazama wakihema. Ndipo nikakumbuka tunavyofanya tukiosha gari kwa mpira wa maji, tunavyoubana mdomo kwa kidole gumba ili maji yaruke mbali. Nilichukua mdomo wa plastiki wa bomba la kurudisha nikaupasha moto, nikaubonyeza ukawa mwembamba, nikauelekeza chini kwenye mawe. Maji yalikuwa yale yale, lakini sasa yalikimbia mahali samaki walipoyataka. Walirudi chini mmoja mmoja wakakamata mawe yao. Papa Bolamba alinipiga begani, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Karamu ilikwenda vizuri. Mkubwa alisema Mapinduzi mara nyingi mno kuhesabu, na tangi halikujibu. Mama Aziza alitutumia kuku mzima. Tulikula tukijiona mafundi wakubwa wa dunia, na kwa kweli ilikuwa furaha tupu.

Kisha wateja wakaanza kupungua.

Kwanza meza za karibu na tangi zikawa tupu. Walimu waliokuwa wakikaa pale mpaka viti vipandishwe juu ya meza, sasa walikula haraka, wakifuta midomo na kuondoka. Manahodha walihamia kwenye kibanda cha liboke kule bandarini. Waliobaki walikula wakitazama sahani zao. Ungesikia uma ukigusa sahani upande wa pili wa ukumbi. Mama Aziza alibadilisha mpishi, akapaka rangi mpya, akaleta mpiga gitaa, ambaye naye alipiga polepole kana kwamba kuna mgonjwa.

“Iko nini na hii tangi?” akatuuliza, sasa akiwa na hasira ya kweli. “Ikipiga kelele, inaniletea aibu. Ikinyamaza, inafukuza batu. Alors, juu ya nini niitunze?”

Aliyetufumbua macho ni Sifa, mhudumu wa ukumbi, mwanamke asiyeogopa kusema. Aliweka trei chini, akatutazama kwa huruma.

“Papa Bolamba, Tonton Rama, kweli hamujue? Munafikiri balikuwa banaangalia samaki?” Akacheka. “Batu balikuwa banasema! Maji ilikuwa inafunika sauti. Mutu anaongea na rafiki yake habari ya bei, habari ya bakubwa, habari ya mutoto yake mwenye alikamatwa, na mutu wa meza ingine hasikie. Sasa banasikilizana bote. Nani ataongea?”

Niliona haya mpaka masikioni. Muda wote ule nilikuwa nikijisifu, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akitazama samaki wangu. Papa Bolamba alicheka peke yake, akafuta machozi, akasema kwamba katika kiwanda cha mawese pia, mahali pazuri pa kumsema msimamizi palikuwa kando ya pampu.

Tulichofanya baadaye ndicho kile kijikoki kidogo juu kabisa ya bomba la kushuka, ambacho nyinyi mmenikuta nacho. Mrija mwembamba wa hewa na koki yake, basi. Kikifungwa, bomba linajaa maji matupu na kunyamaza. Kikifunguliwa, hewa inaingia, bomba linakoroma kama zamani, na maji yanayobaki yanamiminika kwa bomba la pili na kuongeza kelele yake. Pampu hujaigusa, mkondo wa samaki haubadiliki. Siku ya wakubwa, kimya. Siku ya watu, kelele. Ukubwa wa kelele unaupima kwa vidole viwili.

Hatukutangaza. Hatukumwambia mtu yeyote isipokuwa Mama Aziza na Sifa. Lakini mji ulijua. Meza zikajaa tena, na mtu akiingia ukumbini alisimama kwanza mlangoni, akasikiliza, kisha akachagua kiti. Sifa akipita karibu na tundu la ukutani la chumba cha pampu alikuwa akiimba, nami nikijua meza fulani inahitaji maji zaidi. Nilifurahi kuliko siku ya kuku.

Mmoja tu alitukosesha raha. Alikuwa mwanaume wa makamo, abakosti yake imepigwa pasi, aliyekula peke yake katikati ya ukumbi. Kwa sababu hakugusa bia, ila soda ya limau tu, tulimwita Citoyen Limonade, na kwa sababu hakugusa bia watu walisema ni wa usalama, anataka kichwa chake kiwe safi cha kusikilizia. Akiingia, hata kelele ikiwa kubwa, watu walirudi kwenye habari za mpira.

Mchana mmoja tulikuwa tumefunga hewa kwa sababu ya wageni wa asubuhi, tukasahau kuifungua. Mlango wa chumba cha pampu ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Citoyen Limonade. Aliinama ili asigonge kichwa, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake. Akayatazama mabomba moja baada ya jingine, na jicho lake likaishia juu, kwenye kijikoki.

“Ni nyinyi muko nafungula maji?” akauliza.

Papa Bolamba akainamia pampu yake na kuanza kuifuta. Nilijibu mimi. Nilisema kwamba, Citoyen, ni hewa tu, samaki hawa wa maporomoko wanahitaji hewa. Niliona wazi mwisho wa tangi, wa hoteli, wa Mama Aziza na watoto wake, na wetu sisi wawili.

“Leo iko kimya,” akasema.

“Ndiyo, Citoyen.”

Aliangalia mlango, akausukuma kwa mgongo kuhakikisha umefungwa. Kisha akasogea karibu, akanong'ona, na sauti yake haikuwa ile niliyoitarajia.

“Ndugu yangu mukubwa ametoka Yahuma. Baba moja, mama moja. Miaka mingi hatuonane. Ananiuliza maisha yangu iko namna gani, na minataka kumwambia.” Akaonyesha kijikoki kwa kidevu. “Fungula, tafazali. Fungula yote.”

Nikafungua yote. Bomba likavuta hewa, likakoroma, likacheua vizuri kabisa. Alitikisa kichwa kushukuru, akatoka. Tulimwona kwa tundu la ukutani akirudi mezani, ambako mzee mmoja mwenye viatu vya vumbi alikuwa akimngoja. Kabla ya kufungua kinywa Citoyen Limonade alitazama kushoto na kulia, kama walivyofanya wateja wetu wote. Kisha akainama mpaka vichwa vyao vikakaribiana, akaanza kusema, na alisema kwa muda mrefu. Mzee akaweka mkono juu ya mkono wake na kuuacha pale. Chakula chao kilipoa.

“Anasema nini?” Papa Bolamba akaniuliza.

“Sisikie kitu, papa. Maji tu.”

“Bon,” akasema, akakaa juu ya kigoda chake. “Tumungoje amalize.”